Kiungo Kifunguke, Picha Isomeke

Msimu wa maombi ya vyuo ukifika, steshenari yangu hapa Matogoro, Songea, hujaa tangu saa mbili asubuhi. Wengi wanaoingia hawana karatasi mkononi, wana simu. "Kaka, nimekutumia WhatsApp, nitolee kopi mbili." Nafungua kompyuta na kukuta cheti cha kidato cha nne kilichopigwa picha juu ya godoro. Kilitumwa kwa shangazi, shangazi akakipiga picha ya skrini na kumtumia mjomba aliyeko Njombe, naye mjomba akakirudisha kwa mwenyewe baada ya simu yake ya kwanza kupotea. Nikikikuza, jina linasomeka kwa kubahatisha na namba ya mtihani haisomeki kabisa. Namwambia mwenyewe ukweli: hiki nikikitoa utapata karatasi yenye ukungu, na huko unakokipeleka watakirudisha. Ananitazama kana kwamba mashine yangu ndiyo mbovu. Cheti chenyewe kiko nyumbani, kizima, ndani ya bahasha.

Ukimpelekea ndugu yako wa Dar es Salaam gunia la mahindi kwa basi, hulitupi tu stendi ukaondoka. Unalishona mdomo, unaandika jina na namba ya simu kwa maka peni, unachukua risiti, kisha unampigia: basi ni fulani, limetoka saa fulani, kaupokee mzigo. Picha na kiungo cha intaneti ni mzigo vilevile, tena anayeupokea naye anaugharimia kwa bando lake, nafasi ya simu yake na muda wake. Ushauri wangu wote katika makala haya unatoka hapo: kabla hujabonyeza kutuma, mfikirie aliye upande wa pili na simu aliyonayo mkononi.

Nianze na picha, maana ndizo zinazoniletea watu wengi dukani.

Picha inayopigwa na simu za siku hizi huwa na uzito wa MB 3, 4 au 5. Ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huipunguza vipimo na kuikamua hadi ibaki mamia ya KB, kusudi ifike upesi na isimalize bando la watu. Kwa picha ya mtoto aliyevaa joho la kumaliza darasa la awali, hilo ni jambo jema. Kwa cheti, risiti ya benki, mchoro wa kiwanja au barua yenye muhuri, ni hasara, kwa sababu vinavyopotea kwanza ni vitu vidogo vidogo: ncha za herufi, tarakimu, mstari mwembamba wa muhuri. Kuisambaza ilivyo kutoka kundi moja kwenda jingine hakuiongezei ubovu. Kinachoimaliza ni kuipiga picha ya skrini na kuituma upya, maana hapo unaikamua mara ya pili, na mwenzako akifanya hivyo tena ni mara ya tatu.

Dawa ipo na haina gharama. Bonyeza ile alama ya kibanio cha karatasi, kisha badala ya kuingia kwenye picha, ingia sehemu ya hati, uichague picha yako kutoka huko. Ikitumwa kama hati inafika na uzito wake wote, kama ilivyotoka kwenye kamera. Kama hutaki kwenda mbali hivyo, tangu Agosti 2023 WhatsApp ina alama ya HD inayoonekana juu ya picha kabla hujaituma. Ibonyeze, picha itafika ikiwa bora kuliko ya kawaida, ingawa haifikii ile ya hati.

Tahadhari moja hapa, na naomba uishike. Picha iliyotumwa kama hati hubeba pia taarifa zilizofichika ndani yake: siku na saa iliyopigwa na, kama simu yako ilikuwa imewashwa huduma ya mahali, hata eneo uliposimama. Kwa ofisi unayoifahamu hakuna tatizo. Kwa mtu usiyemjua aliyeulizia pikipiki unayouza, unamwonyesha mlango wa nyumba yako bila kujua. Huyo mtumie kwa njia ya kawaida, kwa kuwa WhatsApp ikiikamua picha huziondoa na zile taarifa.

Na kama ni karatasi, usiipige picha kama unavyopiga picha ya ndugu. Ilaze juu ya meza, karibu na dirisha, taa ikiwa imezimwa ili kivuli cha kichwa chako kisiangukie maandishi. Simu nyingi za Android zina programu ya Google Drive, na ndani yake kuna kitufe cha kamera kinachochanganua karatasi. Kinanyoosha kingo, kinaifanya nyeupe iwe nyeupe, na kurasa tisa kinaziunganisha ziwe faili moja la PDF. Nimewaonyesha njia hiyo akina mama waliokuja na barua za mikopo ya vikundi, na hakuna aliyehitaji kuonyeshwa mara mbili.

Sasa kadi ya mchango wa harusi. Kila msomaji wa makala haya amewahi kupokea moja: maua pembeni, majina ya maharusi kwa mwandiko wa kupinda, picha yao katikati, na chini kabisa, kwa herufi ndogo za dhahabu juu ya rangi ya krimu, namba za kupokelea michango. Inapendeza ikiwa kwenye kompyuta yangu. Ikifika kwenye simu ya babu wa Namtumbo yenye kioo kidogo kilichopasuka, yale maandishi ya dhahabu hayaonekani. Hata anayeyaona hawezi kuinakili namba iliyo ndani ya picha kirahisi. Itabidi aitafute kalamu, aiandike, kisha aanze kubonyeza tarakimu moja moja, na akikosea moja mchango unakwenda kwa mtu asiyejua harusi wala maharusi.

Kwa hiyo tuma kadi yako, lakini chini yake andika maneno: majina ya maharusi, tarehe, ukumbi, siku ya mwisho ya kuchangia, namba, na jina litakalotokea mtu akiingiza namba hiyo. Lile jina usiliache kamwe. Matapeli huchukua kadi za watu, hata matangazo ya misiba, wakafuta namba na kuweka zao, na ngao ya mchangiaji ni kuliona jina linalolingana na lile lililoandikwa na familia. Maandishi yana faida nyingine pia. Miezi miwili baadaye mtu akiitafuta "harusi ya Neema" kwenye simu yake, ujumbe wenye maneno unapatikana, kadi tupu haipatikani.

Kama unataka watu wakupigie au wakuandikie bila kuhifadhi namba yako, watengenezee kiungo. Andika https://wa.me/ kisha namba yako kuanzia 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Mtu akikibonyeza, anaingia moja kwa moja kwenye mazungumzo na wewe ya WhatsApp. Wauzaji wa maharage, asali na miche ya parachichi wa huku kwetu wangekiweka kwenye kila tangazo, wangepunguza maswali ya "naomba namba".

Hapo tumeingia kwenye viungo, au linki kama wengi tunavyoziita. Huku kosa kubwa ni moja, nalo linahusu ruhusa.

Mwanafunzi mmoja, kiongozi wa darasa lake, aliweka notsi za muhula mzima kwenye Google Drive na kutuma kiungo kwa wenzake zaidi ya themanini usiku wa kuamkia mtihani. Kisha akalala. Kila aliyebonyeza alikuta maandishi yanayosema aombe ruhusa. Wakaomba. Asubuhi barua pepe yake ilikuwa na maombi yasiyohesabika, na wenzake walikuwa tayari ndani ya chumba cha mtihani. Aliponisimulia machozi yalikuwa yanamlengalenga, kwa sababu alikuwa amekesha siku tatu akizipanga zile notsi.

Faili likiwekwa Drive huwa limefungwa, linafunguka kwa mwenyewe peke yake. Kabla ya kunakili kiungo, ingia sehemu ya kushiriki, tafuta mahali penye ruhusa ya jumla, ubadilishe iwe "yeyote aliye na kiungo". Pembeni yake mpe mtu nafasi ya kutazama, wala usimpe ya kuhariri, la sivyo mmoja atafuta ukurasa kwa bahati mbaya na wote watakosa. Ukishamaliza, kijaribu. Fungua kivinjari katika hali fiche, ambako simu haikutambui kuwa wewe ndiye mwenye faili, ubandike kiungo uone kinafungua nini. Ni kazi ya nusu dakika. Lakini kumbuka kwamba "yeyote" maana yake ni yeyote kweli. Orodha ya wanakikundi yenye namba za NIDA na za simu usiiweke wazi namna hiyo. Hiyo mpe kila mhusika ruhusa kwa barua pepe yake.

Mambo madogo yanayoharibu viungo ni mengi, nitayataja kwa haraka. Usigandishe nukta wala mkato mwishoni mwa kiungo, kwa sababu vinaweza kuhesabiwa kuwa sehemu yake kikagoma kufunguka. Acha nafasi, au kiweke kwenye mstari wake peke yake. Ukibandika kiungo kwenye WhatsApp, subiri kidogo mpaka kisanduku cha picha na kichwa cha habari kitokee ndipo utume, maana kisanduku hicho hutengenezwa na simu yako wewe mtumaji. Mvua ikinyesha na mtandao ukisuasua, ukituma upesi kinakwenda kiungo kitupu na watu wanakiogopa. Instagram haifanyi viungo vya chini ya picha vibonyezeke, kwa hiyo kiweke kwenye wasifu wako. Na mkia mrefu unaoanzia kwenye alama ya kuuliza, ukiwa na maneno kama fbclid, igsh au utm, unaweza kuukata. Kazi yake ni kufuatilia umetokea wapi, na ukurasa utafunguka bila huo mkia.

Mkia mmoja lakini una manufaa, nao ni wa YouTube. Umepata video ya somo la saa nzima na unataka wanafunzi wako waone kuanzia dakika ya 12 na nusu. Nakili kiungo, kisha mwishoni ongeza ?t=750, yaani sekunde 750. Kama kiungo tayari kina alama ya kuuliza ndani yake, andika &t=750. Video itaanzia hapohapo. Mwalimu anayefanya hivyo anawaokolea vijana bando la dakika kumi na mbili, na kwa kijana anayenunua bando la shilingi mia tano hilo si jambo dogo.

Vifupisho vya viungo vina uzuri wake kwenye karatasi, lakini usivitegemee kwa kitu unachotaka kidumu. Google ilikuwa na huduma yake ya goo.gl. Mwaka 2019 iliacha kupokea viungo vipya, na Agosti 2025 ikazima vile vilivyokuwa havitumiki. Mabango na vitabu vilivyochapishwa navyo havikuweza kujirekebisha. Mtu akija nimtengenezee bango la semina, namshauri aweke anwani kamili na, pembeni yake, msimbo wa QR, kama ule waliouzoea watu kwenye maduka ya kulipia kwa simu. Kisha tunaujaribu kwa simu mbili tofauti kabla sijaprinti hata nakala moja.

Barua pepe ina tabia zake. Ilibuniwa kubeba maandishi tu. Tarehe 11 Machi 1992 Mmarekani Nathaniel Borenstein alituma kiambatanisho cha kwanza kwa mfumo wa MIME, ambao barua pepe zetu zinautumia hadi leo, na ndani yake kulikuwa na picha ya kundi lake la waimbaji wanne. Katika mfumo huo picha hugeuzwa kuwa herufi ili ipite, na kwa kugeuzwa inaongezeka uzito kama theluthi moja. Ndiyo maana faili unaloliona linatosha linaweza kukataliwa. Gmail huweka kikomo cha MB 25, na ukizidisha yenyewe huligeuza faili kuwa kiungo cha Drive, hapo tunarudi kwenye lile suala la ruhusa. Ofisi nyingine zina kikomo kidogo zaidi. Mimi sipitishi MB 5 kwa barua ya maombi ya kazi.

Lakini uzito ni jambo la pili. La kwanza ni jina. Jiweke kwenye kiti cha afisa rasilimali watu aliyepokea barua mia mbili, na ya kwako ina viambatanisho sita, cha kwanza kinaitwa IMG-20250312-WA0007, cha pili IMG-20250312-WA0008. Hajui kipi ni cheti na kipi ni picha ya pasipoti, na akivihifadhi kwenye kompyuta yake hatajua vilikuwa vya nani. Unganisha yote yawe PDF moja, uliite kwa jina lako na kazi unayoomba. Kwenye kichwa cha barua andika kilekile. Na ndani ya barua usiache patupu: salimu, sema wewe ni nani, unaomba nini, na umeambatanisha nini. Nimeona watu wenye sifa nzuri wakituma barua isiyo na hata neno moja, faili tu limening'inia, na wanashangaa kutojibiwa.

Upande wa pili wa shilingi ni viungo tunavyopokea na kuvisambaza bila kuvisoma. GB 50 za bure, nafasi za kazi serikalini, mkopo usio na dhamana. Mzee mmoja, jirani yangu, alinijia na simu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Hebu nitazamie hii, kijana wangu wa mjini kanitumia, anasema nijaze." Nikamwonyesha namna ya kusoma. Tazama kuanzia mwisho wa https:// mpaka kwenye mkwaju wa kwanza, kisha angalia sehemu hiyo inaishia na nini. Portal.ajira.go.tz inaishia na go.tz, na hiyo ni ya Serikali ya Tanzania. Vyuo vyetu huishia na ac.tz. Lakini kiungo kilichoandikwa ajira-go-tz halafu kikaishia na .com, hizo go na tz zimewekwa mbele kama pambo, mwenye nyumba ni mwingine kabisa. Alama ya kufuli nayo isikudanganye. Inaonyesha kwamba njia kati yako na ukurasa ule imefungwa wengine wasisikilize, haisemi kwamba mwenye ukurasa ni mwaminifu.

Ukikuta ujumbe wenye mishale miwili na maneno kwamba umesambazwa mara nyingi, simama. WhatsApp yenyewe tangu Aprili 2020 inakuzuia kuutuma ujumbe wa namna hiyo kwa zaidi ya kundi au mtu mmoja kwa mkupuo. Meseji za kitapeli zinazoingia kwenye simu ziripoti kwa namba 15040. Na kiungo cha kujiungia na kundi lenu, kile kinachoanza na chat.whatsapp.com, usikibandike mahali pa wazi. Kama kimeshatoka, msimamizi anaweza kukibatilisha na kutengeneza kipya.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa ya uongo kwa makusudi ya kupotosha umma, na inataja picha pamoja na maandishi. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Lakini hata bila sheria, naomba jambo moja kwa moyo wote. Ajali ikitokea barabarani, usipige picha ya aliyelala chini na kuiweka kwenye stetasi. Kuna mama mahali fulani ambaye bado hajapigiwa simu, na namba yake huenda imo kwenye simu yako.

Nimalizie na picha ambazo ningependa tuzisambaze zaidi. Milima hii ya Matogoro inayotutazama kila asubuhi ndiko Mto Ruvuma unakoanzia, kabla haujawa mpaka wetu na Msumbiji. Na pale mjini, kwenye Makumbusho ya Majimaji, kila Februari 27 Songea huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, mmoja wa mashujaa hao, akaomba msamaha. Picha za siku ile bado zinazunguka kwenye makundi yetu. Nyingi zilizonifikia hazina neno hata moja chini yake: ni nani huyu, yuko wapi, lini, nani alipiga. Za zamani zaidi, za wakati wa vita, zina hali mbaya kuliko hizo. Picha moja huitwa ya Songea mwaka huu, mwaka kesho ikaitwa ya mahali pengine.

Ukiwa na shaka na picha, ibonyeze na kuishikilia kwenye Chrome, kisha itafute kwa Google, utaona imewahi kutokea wapi. Ukiwa na uhakika nayo, iandikie mistari miwili: waliomo kuanzia kushoto, mahali, tarehe, na jina la mpiga picha, ambaye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda. Facebook na Instagram zina pia mahali pa kuandika maelezo yatakayosomwa kwa sauti kwa wasioona, napo usipaache patupu.

Na kwa yeyote mwenye kadi, tangazo au faili la kutuma wiki hii: mtumie kwanza mtu mmoja mwenye simu ndogo na bando dogo. Akikujibu kuwa limefunguka na amelisoma, ndipo uliachie kundini.